Nani Anasubiri kwa Niaba Yako?

Kwenye ploti yetu hapa Zimmerman sina jina. Mimi ni WiFi. "WiFi, mbona leo inazunguka tu?" "WiFi, za mwezi nitakutumia kesho." Mama wa namba nane, ambaye ana umri wa mamangu, huniita kijana wangu akiwa na furaha. Akikasirika, hata yeye ananiita WiFi. Silalamiki. Kuna watu wameitwa majina mabaya zaidi kwa kufanya makubwa kuliko haya.

Kazi yenyewe ni hii. Juu ya paa kuna antena. Waya unashuka kutoka hapo hadi bedsita yangu ghorofa ya tano, unaingia kwa ruta, na kutoka kwa ruta nyaya zingine zinaenda nyumba 14. Kila nyumba hunilipa soo tano kwa mwezi. Laini ninayonunua inashusha megabiti 20 kwa sekunde na kupandisha 5. Mambo ya leseni usiniulize, na mimi sitakuuliza hiyo akaunti ya Netflix unayotumia ni ya nani. Nilianza biashara hii baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu, nikisomea mambo ya kompyuta, karo ikiwa imenishinda. Mchana naandika makala za watu na kuhariri video za harusi. Usiku mimi ni serikali ndogo ya nyumba 14.

Hilo neno serikali nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Liache tu.

Saa nane mchana mtandao wetu ni mtamu, kwa sababu wengi wako kazini. Balaa inaanza saa mbili usiku. Namba tatu anatazama mpira. Namba sita watoto wako YouTube. Namba kumi na moja kuna simu tatu zinazojisasisha bila kuuliza mtu. Na mama wa namba nane anajaribu kuongea na binti yake aliye kazini Doha, ambaye ana nusu saa tu ya kupumzika. Sauti inakatika. Nikiwa huku juu namsikia akiita, "Unanisikia? Unanisikia?" kana kwamba akipaza sauti ya kutosha itafika Qatar bila mtandao.

Watu wengi hudhani intaneti ikiwa polepole ni kama bomba ambalo presha imeshuka. Mimi huwaambia wafikirie steji. Kila kitu unachotuma hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa pakiti, kwa kawaida visivyozidi baiti 1,500. Pakiti zikifika kwa ruta haraka kuliko laini inavyoweza kuzibeba, zinapanga foleni kwenye kumbukumbu ya ruta, mahali panapoitwa bafa. Bafa ikijaa, pakiti inayofuata inatupwa. Haipewi barua wala pole. Aliyeituma ataona tu kimya, ataelewa kuna msongamano, atapunguza mwendo na kuituma tena. Intaneti yote imejengwa juu ya adabu hiyo: ukitupwa, punguza mwendo.

Na usidhani dawa ni kuongeza bafa. Mwaka 2010 mhandisi mmoja Mmarekani, Jim Gettys, alikuwa akihangaika na mtandao wa nyumbani kwake mwenyewe, akagundua kwamba vifaa vimejazwa bafa kubwa mno. Pakiti hazitupwi, lakini zinakaa foleni mpaka zinachacha. Kwa anayepakua filamu si neno. Kwa anayeongea, neno lililofika sekunde mbili baadaye ni heri lingepotea njiani. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio. Ukipita hapo sana, mnaanza kukanyagana, kila mtu anasema "endelea wewe."

Basi kuna elimu nzima ya kusimamia foleni hizi. Inaitwa ubora wa huduma. Jina zuri, kama la benki. Nilijifundisha usiku kwa usiku, kwa video na kwa kuharibu. Unaipa ruta sheria: pakiti za aina hii ziende mbele, za aina ile zingoje. Mimi niliunda foleni nne. Ya kwanza, simu za sauti na video. Ya pili, kurasa za kawaida na programu za benki. Ya tatu, filamu na mpira. Ya nne, mafaili makubwa, yawe ya kupakua au kupakia. Nikawasha Jumatano usiku. Mama wa namba nane akaongea na binti yake nusu saa nzima bila kuita "unanisikia" hata mara moja. Kesho yake alinipandishia chapati sita zimefunikwa na sahani. Nilikula nikiangalia taa za ruta, na nakwambia nilijiona mtu wa maana.

Swali halikunijia wakati huo. Na lilikuwa hapo sahanini: hiyo nusu saa nilimpa mama, niliitoa wapi?

Laini bado ilikuwa megabiti 20. Ubora wa huduma hauongezi hata biti moja. Mwaka 1965 Leonard Kleinrock, mmoja wa waliotengeneza nadharia iliyo chini ya intaneti, alichapisha hesabu inayoitwa sheria ya uhifadhi. Nitaisema kienyeji. Kama mhudumu wa foleni hakai bure wakati kuna watu, basi ukichukua muda ambao kila kundi linasubiri na kuuzidisha kwa mzigo ambao kundi hilo linaleta, jumla yake haibadiliki, hata upange foleni vipi. Unaweza kumpunguzia huyu, lakini lazima umwongezee yule. Kusubiri hakuna jalala pa kukutupa.

Lakini hesabu hiyo hiyo ina huruma ndani yake, na nisipoisema nitakuwa mwongo. Angalia pale penye mzigo. Simu ya sauti ni kitu kidogo, chini ya kilobiti 100 kwa sekunde. Ukiipisha mbele ya mpira wa megabiti 5, mpira hata haujui umepisha. Ni kama pale supamaketi, una toroli limejaa ya mwezi mzima na nyuma yako kuna mtu ameshika pakiti moja ya maziwa. Ukimwambia "pita," umepoteza nusu dakika na yeye ameokoa robo saa. Kumpisha mdogo mwenye haraka ni wema wa bei rahisi sana. Ubaya unaanza pale mwenye toroli anapopishwa.

Sasa, nani anasema ni nani mwenye haraka? Hili swali ni la zamani kwenye mitandao na historia yake inanifurahisha na kuniudhi. Jeshi la Marekani lilikuwa na mtandao wake wa simu, AUTOVON, tangu miaka ya 1960. Simu zake zilikuwa na safu ya nne ya vitufe upande wa kulia, ambayo simu yako haina. Vitufe hivyo vilikuwa vya ngazi za dharura. Ukibonyeza cha juu na laini zimejaa, mtandao unamkatia mtu wa chini simu yake katikati ya sentensi ili wewe upite. Cha juu kabisa kilikuwa cha rais na wakubwa wachache. Halafu Septemba 1981, kanuni za lugha ambayo intaneti bado inaongea zilipochapishwa, kila pakiti iliwekewa biti tatu kichwani za kuonyesha umuhimu wake, ngazi nane kwa jumla, na majina ya ngazi kadhaa yakafanana na yale ya jeshi. Yaani hata hiyo video ya paka uliyotuma jana, ndani ya kila pakiti kuna kiti kidogo kilichochongwa kwa ajili ya jenerali.

Mwaka 1998 mahali hapo pakapewa maana mpya, biti sita badala ya tatu. Leo pakiti ya sauti mara nyingi huandikwa namba 46 kichwani, maana yake: nipitisheni haraka. Lakini anayeandika hiyo namba ni kifaa kilichotuma. Hakuna kinachozuia programu ya kupakua filamu kujiandika 46. Ndiyo maana kwenye mpaka wa mtandao wake, mhandisi yeyote mwenye akili haamini namba hizo. Anazifuta, anaangalia mwenyewe, anaandika zake.

Mtu wa Nairobi hahitaji kuelezwa hii. Sote tumeona kule Thika Road matatu inawasha taa zote, inapita kando ya barabara, inajitangaza dharura, ndani kuna watu wanaenda Githurai kulala. Tumeona pia msafara wa mkubwa ukifunga barabara mpaka ambulensi inakwama nyuma yake, king'ora kikilia bure. Msafara ni pakiti iliyojiandika 46 na hakuna askari wa kuifuta.

Upande wa pili wa historia hiyo nampenda Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji kwenye majeshi ya Napoleon. Ndiye aliyeanzisha magari mepesi ya kubeba majeruhi kutoka vitani, babu wa ambulensi. Kanuni yake ilikuwa kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, bila kuangalia cheo. Fikiria hapo, jeshini, mahali ambapo cheo ndicho kila kitu, mtu anasema kwenye meza yangu cheo hakihesabiki, nionyeshe kidonda. Nilipoandika foleni zangu nne nilijiambia mimi ni Larrey wa Zimmerman. Naangalia kidonda tu.

Halafu namba nne akabisha hodi.

Namba nne anafanya kazi ya kujibu wateja wa kampuni ya ng'ambo, usiku kucha, kwa sauti na kwa skrini. Akaniambia bila kuzunguka, "Bro, nakupa thao badala ya soo tano. Unipeleke mbele. Mimi nikikatika mara tatu nimefutwa." Nikakubali. Hapo sikuona dhambi na hata sasa siioni vizuri. Thao ingenisaidia kununua laini kubwa, na laini kubwa ni ya wote. Lakini ujue nilikuwa nimeingia kwenye ugomvi mkubwa bila kujua. Tangu Tim Wu, profesa wa sheria Mmarekani, alipotoa jina la kutoegemea upande kwa mitandao mwaka 2003, dunia imekuwa ikibishana kama mwenye laini aruhusiwe kuuza nafasi ya mbele. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria mwaka 2015. Marekani nayo ikakataza mwaka huo huo, ikageuza Desemba 2017. Wanaokataza wanasema nafasi ya mbele ikiuzwa, mwenye laini anapata sababu ya kuifanya ya nyuma iwe mbaya, ili watu wanunue. Hapo nilijichunguza. Mwezi ule nilikuwa na hela za kuongeza laini. Sikuongeza. Nilijiambia wacha kwanza tuone kama kuna mwingine atataka ya thao.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu mwanzo.

Kuna wikendi nilipata kazi ya harusi mbili kwa mpigo. Mteja alitaka video zote mawinguni kufikia asubuhi, gigabaiti 7. Nilikuwa nimeiweka laptopu yangu kwenye foleni ya kwanza wiki chache nyuma, "kwa majaribio tu," pamoja na simu za watu, na dari ya megabiti 3.5 ya kupandisha ili nisiue simu za watu. Majaribio yaliisha, sheria ikabaki. Sikuitoa. Naweza kusema nilisahau, na kwa asilimia fulani ni kweli. Hata hivyo kuna aina ya kusahau ambayo hutokea tu ukiwa unafaidika. Nikaanza kupakia saa mbili usiku. Chukua 5, toa 3.5, zinabaki 1.5 za nyumba 14, na simu za video zilikuwa zinazimaliza karibu zote. Foleni ya nne ilikuwa inapata makombo.

Kwenye foleni ya nne usiku ule alikuwepo msichana wa namba kumi na mbili. Anakaa na dada yake, anasomea uuguzi, ana salio la karo la mihula miwili. Kulikuwa na ufadhili wa masomo, makataa saa sita kasoro dakika moja usiku. Alikuwa na stakabadhi zake zote kwenye picha: matokeo, kitambulisho, barua ya chifu, taarifa ya karo. Megabaiti 30 hivi. Simu yake ndiyo ilikuwa imezipiga picha hizo, na simu za siku hizi zinapiga picha kubwa bila sababu. Alianza kupakia saa tano na dakika ishirini. Kwa megabiti 1 kwa sekunde ingekuwa dakika nne. Kwa kilobiti 60 ni zaidi ya saa nzima, kama tovuti itakuvumilia. Haikumvumilia. Ilimkatia mara mbili, akaanza upya mara mbili, na saa sita ikafika.

Mimi sikujua. Saa sita na nusu harusi zangu ziliisha kupanda, nikalala.

Asubuhi nikakutana naye kwenye ngazi. Macho mekundu. Akaniuliza kwa upole kabisa, "WiFi, jana kulikuwa na shida?" Nikasema, "Aah, jana mtandao ulikuwa mbaya kila mahali." Hata sikufikiria. Ulimi ulienda wenyewe.

Nikarudi juu nikafungua ruta. Ruta haina aibu wala urafiki, inahesabu. Foleni ya kwanza: hakuna pakiti iliyotupwa. Foleni ya nne: maelfu. Anwani ya namba kumi na mbili ikiwa pale juu kabisa ya orodha. Naweza kujitetea. Inawezekana tovuti yenyewe ilizidiwa, si unajua Wakenya na dakika ya mwisho. Inawezekana angeanza saa moja jioni. Inawezekana hata hata angefaulu kutuma wangemkataa. Nimezipanga hizi sababu mara nyingi na zote ni nzuri, na hakuna hata moja kati yake ambayo ingenifanya niseme lile neno la ngazini.

Chuo nilisoma somo moja la falsafa, yale masomo ya lazima ya mwaka wa kwanza ambayo watu huenda kulala. Mimi pia nililala, ila kitu kimoja kilibaki. Kant, kwenye insha yake ya 1795 kuhusu amani ya kudumu, anatoa kipimo: kama tendo linalogusa haki za wengine linaweza kufaulu tu likiwa limefichwa, basi ni dhuluma. Zamani niliona ni kipimo cha wafalme na mikataba. Lakini chukua sheria zangu uziweke hapo moja moja. "Simu za sauti zitapita mbele ya mafaili." Ningeweza kuisimamia mbele ya ploti nzima, na nadhani wangekubali, hata yule wa mafaili, kwa sababu kesho yeye ndiye atakuwa na simu. "Namba nne analipa thao anapita mbele." Kungekuwa na kelele, lakini ningeisema. "Laptopu ya WiFi inapita mbele ya wote, na mnalipia." Hiyo isingeishi dakika moja kwenye mwanga. Iliishi kwa sababu hakuna aliyejua kuna foleni.

Kwangu hapo ndipo penye uzito wa jambo, kuliko kwenye swali la nani ni muhimu. Yule msichana hakuchaguliwa na mtu yeyote kuwa si muhimu. Sikumfikiria kabisa. Nilikuwa nimeamua mapema, kwa jumla, kwamba faili kubwa halina haraka, na sheria ya jumla haiwezi kuona kwamba usiku huu faili kubwa ni maisha ya mtu na simu ya video ya namba kumi na nne ni watu wawili wanaangaliana wakila. Larrey alikuwa anaangalia kidonda kwa macho yake. Mimi nilikuwa naangalia ukubwa wa bandeji. Na yeye, kwa kuwa hakujua kuna foleni, hakuweza kufanya chochote ambacho mtu kwenye foleni hufanya. Hakuweza kuniambia "bro, nipishe leo." Kama angeniambia ningempisha, naapa. Mtu anayejua anangoja ana mdomo. Yeye alidhani ni hali ya hewa.

Na sisi wote tuko hivyo kwa kiasi fulani. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zinazotuhudumia, EASSy na SEACOM, zilipokatika, nchi nzima ikawa ploti yetu saa mbili usiku. Data ikasukumwa kwenye nyaya zilizobaki. Nafasi ikipungua hivyo lazima kuna wa mbele na wa nyuma. Mimi na wewe tulipata ujumbe wa kuomba radhi. Foleni yetu ni ya ngapi, hakuna aliyetuandikia.

Baada ya usiku ule nilifuta kila kitu. Nilimrudishia namba nne thao yake, akanielewa nusu, akahamia laini nyingine mwezi uliofuata. Nikaweka mpango mwingine unaogawa laini kwa usawa. Wazo lake ni la zamani: mwaka 1985 John Nagle alipendekeza kwamba badala ya foleni moja, kila mtumaji apewe foleni yake na ruta ihudumie kwa zamu, pakiti moja moja, kama mtu anagawa karata. Mlafi anajijazia foleni yake mwenyewe. Programu ya sasa inayofanya hivyo kwenye ruta yangu inaitwa CAKE, na ndiyo, watu wa ploti wameshafanya utani wote wa keki unaoweza kufanywa.

Lakini usawa nao, ukiukaribia, una meno. Usawa wa nani? Ukigawa kwa muunganisho, programu moja ya kupakua inafungua miunganisho kumi na kupata mafungu kumi. Ni kama siku ya bowser ya maji, familia inatuma watoto watano wasimame kila mmoja na mtungi, na wewe uko peke yako. Nikagawa kwa nyumba. Sasa namba sita, watu sita ndani, wanapata sawa na namba mbili, mwanamume mmoja na paka. Baba wa namba sita akaniuliza kwani watoto wake ni nusu watu. Na simu ya mama wa namba nane, Jumapili jioni, imeanza tena kukatika kidogo. Si sana. Anasema "unanisikia?" mara moja au mbili. Chapati sijaona.

Yule msichana nilimwambia wiki tatu baadaye. Alikuja kulipa, akasema mwezi ujao hatakuwepo, ameahirisha muhula, anarudi nyumbani kwanza. Nikaanza kueleza, bafa, foleni, dari, na maneno ya kiufundi yalinitoka mengi kwa sababu ni mazuri kujifichia. Akaningoja nimalize. Kisha akauliza:

"Wewe ulikuwa foleni ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Na mimi?"

"Ya nne."

"Ziko ngapi?"

"Nne."

Alinyamaza. Nikamwambia naweza kuwaandikia wale wa ufadhili barua, nieleze kosa lilikuwa langu. Akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. "Uwaambie nini, kwamba WiFi alikuwa anatuma harusi?" Akaniachia soo tano mezani akashuka. Nilimfuata nazo hadi ghorofa ya tatu, akakataa kuzipokea. Bado ziko ndani ya bahasha, sijui nizifanyie nini.

Sasa kuna karatasi kwenye ukuta wa ngazi, kati ya ratiba ya maji na onyo la msimamizi kuhusu takataka. Nimeandika kwa kalamu laini ni kubwa kiasi gani, inagawanywa vipi, na kwamba mwenye makataa aniambie nimpishe, na jina la nyumba iliyopishwa litabandikwa. Siku ya pili mtu aliandika pembeni, "Na WiFi mwenyewe?" Nikaandika chini yake: nyumba ya 15, fungu moja. Siku ya nne mwingine akaandika kwamba simu za ng'ambo zipite mbele, na mwingine akaweka alama ya ndiyo, na namba sita akaandika swali lake la watoto kwa herufi kubwa.

Tumekubaliana kukutana Jumapili saa kumi, juu ya paa, karibu na antena. Namba sita amesema atakuja na watoto wote.